Notburga na Mahali pa Sauti Kukutana

Katika vilima vya Umatengo, mkahawa uliozeeka hukatwa ukabaki kisiki, na mwenye shamba hungoja misimu miwili au mitatu kabla ya kuchuma tena. Watu wa Maguu walipima umri wao kwa visiki hivyo, kwa maana miaka mingine yote ilifanana: mashimo ya ngolo, yale yanayozuia maji na udongo, yalichimbwa upya mtelemkoni, mahindi yakafuata maharage, mvua ikaja Novemba na kuondoka kabla ya Mei kwisha. Notburga Kapinga alizaliwa mwaka 1956, majira ambayo baba yake, katekista Dunstan Kapinga, alikuwa amekata mikahawa yake kwa mara ya kwanza. Alipoolewa na Ildefonce Ndimbo, seremala, mikahawa ile ile ilikuwa imekatwa mara ya pili. Ildefonce alipozikwa, mwaka 1995, ilikuwa visiki kwa mara ya tatu, na Notburga alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Florian, aliyekuwa tayari ameingia seminari.

Maisha kama hayo hupita bila kuandikwa. Tunayaandika kwa sababu mwanamke huyu, kwa subira tu na bila elimu kubwa, alilitatua jambo ambalo waliomzidi elimu walikuwa wamelipita bila kuliona. Na alilitatua kwa ajili ya mtu mmoja.

Kazi yake tangu mwaka 1985 ilikuwa redio ya upepo katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Aliketi Mbinga mjini, katika chumba chenye dirisha moja, akiviita vituo vya vijijini kimoja baada ya kingine na kupokea habari za mizani, magunia na magari yaliyokwama. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na haraka. Baba yake, kila jioni aliyoweza, alishuka hadi ghala la Maguu na kusimama nje ya chumba cha redio.

"Katekista, una ujumbe wa kutuma?" karani wa ghala alimwuliza siku moja.

"Sina."

"Sasa unafuata nini hapa kila siku?"

"Nafuata kujua kama amekula. Akiwa na njaa hulikimbiza neno la mwisho."

Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda milima na magari yao, wakanunua kahawa mlangoni pa mkulima. Ghala la chama likawa jengo la popo, na mwaka 1996 chumba cha redio kilifungwa kwa kufuli. Notburga alirudi Maguu akalima msimu mmoja. Msimu uliofuata aliitwa tena Mbinga, safari hii na mradi mdogo wa zahanati ulioendeshwa na watu wa kanisa pamoja na wafadhili. Walimhitaji mtu aliyezoea kuvisikiliza vituo.

Mwaka 2002 mradi uliletewa mashine mpya. Vituo vilikuwa sita: Mbinga mjini, Maguu, Mapera, viwili vya vilimani kwenye njia ya kushukia ziwani, na Kihagara kule pwani ya Nyasa. Kila kituo kiliwekewa antena, kompyuta moja, kipaza sauti, spika, na kisanduku cha chuma kiitwacho ruta, ambacho kazi yake ni kupokea ujumbe na kuamua uelekee wapi. Kila Jumatano mkunga mkuu alifundisha akiwa Mbinga, na wakunga wa vituo vyote walimsikiliza kwa pamoja kana kwamba wameketi chumba kimoja. Notburga akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, alianza kujifunza kuandika amri kwa kidole kimoja.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda kwa kusuasua. Somo lilipoanza, simu za redio za zahanati zilikatika, hata zile za kituo ambacho siku hiyo hakikuwa na msikilizaji. Ndipo alipokuja Ambokile, fundi wa mawasiliano kutoka Mbeya, mtumishi wa serikali aliyeazimwa na mradi kwa miezi michache. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Mmoraviani mwenye kucheka upesi.

"Shikamoo, Mama Florian."

"Marahaba, baba. Umeona ugonjwa?"

"Nimeuona. Hapa kwenu sauti inamwagwa kama maji ya bomba lililopasuka. Mashine zenu ziko katika hali ya msongamano. Maana yake, mtu akianza kusema Mbinga, sauti inasukumwa kwenye kila njia, kwa kila kituo, kiwe kimeomba au hakikuomba. Kituo kisichotaka lazima kiseme hakitaki. Kikisema, kinaachwa dakika tatu, halafu kinamwagiwa tena."

"Kama mpiga ngoma wa matangazo, asiyekubali kufukuzwa."

"Huyo huyo. Mjini, kwenye nyaya nene, anavumilika. Nyinyi njia zenu ni nyembamba, hasa ile ya ziwani. Nitazihamishia katika hali ya uchache. Huko sauti haimwagwi. Panachaguliwa mahali pamoja pa kukutania: mwenye kusema anapeleka sauti yake pale, na mwenye kutaka kusikia anaomba pale. Asiyeomba hapati, na njia yake inabaki tupu."

Notburga aliitikia: "Basi hiyo ni sengu."

"Sengu ndiyo nini?"

"Wewe mtu wa Mbeya, nyinyi kwenu kila mtu hujifungia na ndizi zake?" Alimweleza kwamba kwa Wamatengo sengu ni kwa babu wa ukoo, ambako kila mama hupeleka chakula alichopika, na wanaume wa ukoo wote hukusanyika kula na kuzungumza mambo yao. Mpishi hamtafuti mlaji nyumba kwa nyumba, wala mlaji hamtafuti mpishi. Wote wanapajua kwa babu.

"Tena imekaa vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi," Ambokile alisema.

"Ngoja kwanza. Anayekuja mgeni, kwa mfano mashine iliyowashwa leo, hajui sengu iko kwa nani. Nani anamwambia? Usiniambie anaambiwa huko huko sengu."

Ambokile aliliweka chini bisibisi lake. Wanafunzi aliowahi kuwafundisha chuoni, alisema, hawakuwahi kumwuliza swali hilo, wala yeye hakumwuliza mwalimu wake. Na wenye kuzitengeneza mashine hizo walikwama hapo hapo. Jibu walilopata ni hili. Mashine inayojiona inafaa kuwa mahali pa kukutania hupaza tangazo kila dakika: mimi hapa, niko tayari. Mashine nyingine iliyopewa kazi ya uchaguzi huyasikiliza matangazo hayo, huchagua, kisha huwatangazia wote: pa kukutania ni pale. Na matangazo hayo mawili, hayo tu, huachwa yamwagwe nyumba kwa nyumba kwa ile njia ya zamani ya msongamano, kwa sababu haiwezekani kumwambia mtu aende mahali asipopajua ili akaambiwe mahali hapo ni wapi.

"Kwa hiyo habari ya mahali inamwagwa," Notburga alisema polepole, "na habari yenyewe inafuatwa."

"Andika hivyo hivyo ukutani."

Aliandika. Ndipo wakapanga mashine mbili ziwe tayari kuwa mahali pa kukutania: ya Mbinga kwa siku zote, na ya Kihagara kama akiba, ili njia ya milimani ikikatika watu wa ziwani wasikose pa kukutania wao kwa wao. Hizo hizo mbili zilipewa pia kazi ya kuchagua. Ambokile akamwagiza avipe vituo namba, ambazo zingeandikwa mwishoni mwa anwani ya kila mashine.

Namba hizo Notburga alizipanga kama ambavyo mtu yeyote wa milima ile angezipanga. Katika sengu mkubwa hunawa kwanza na mdogo hunawa mwisho. Mbinga, kituo kikongwe cha redio kuliko vyote, alikipa namba moja, Maguu mbili, Mapera tatu, vile viwili vya njiani nne na tano, Kihagara, kilichozaliwa mwisho, sita. Mzee Wendelin, mtunza kituo cha Mbinga, alifurahi mno akachonga vibao sita vya mninga, kila kimoja na namba yake, vikapigiliwa juu ya milango. Kibao cha namba moja alikipaka vanishi mara mbili.

"Na mashine mbili zikijitangaza kwa pamoja," Notburga alimwuliza Ambokile siku ya mwisho, "mchaguzi anafuata nini?"

"Namba," alijibu Ambokile, ambaye barua ya uhamisho wa kwenda Lindi ilikuwa mfukoni na gari lilikuwa linamngoja. Hakuongeza neno, na Notburga hakuona la kuongeza. Namba moja ilikuwa mbele ya sita tangu ulimwengu uumbwe.

Ikapita karibu mwaka, masomo ya Jumatano yakisikika vizuri kuliko zamani. Palikuwa na ukimya wa hapa na pale wakati wa mvua, na kila mtu aliulaumu upepo.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 zilikuja habari mbili katika juma moja. Ya kwanza: Florian, aliyekuwa shemasi, angepewa daraja la upadre mjini Mbinga, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Ya pili ilitoka kwa Ephrasia, mdogo wake Notburga, aliyebaki Maguu kumtunza baba yao: moyo wa mzee umechoka, miguu imevimba, mganga amekataza safari yoyote. Barabara ya Maguu mwezi wa Aprili ni tope tupu. Mtu mzima hutoka garini akasukuma. Kumbeba mzee wa miaka themanini na mitatu juu ya tope hilo kulikuwa ni kumpeleka kaburini kwa njia ndefu.

Notburga alikwenda kumwona. Alimkuta ameegemezwa mito mitatu, macho yake hayaoni tena, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono ili isianguke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Leo unasema kweli." Alivuta pumzi. "Nimefundisha komunyo ya kwanza miaka arobaini na moja. Watoto wa watu wengi wamekuwa mapadre, nami nimepiga magoti mbele yao. Huyu ni wa kwangu. Sitaki kuhadithiwa, Notburga. Ephrasia huhadithia vizuri, lakini huongeza chumvi."

"Naongeza wapi, baba?" Ephrasia alisema kutoka jikoni.

"Umeona? Anasikiliza kila kitu." Kisha akamwambia binti yake mkubwa kwa sauti ndogo: "Ukinitafutia njia ya kumsikia akibariki, kwa sauti yake, sina ombi jingine."

"Utamsikia, baba," Notburga alijibu. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na alipotoka nje alisimama kitambo akilitazama neno lake.

Mkuu wa mradi alikubali vifaa vya Jumatano vitumike kurusha ibada ile kwa vituo vyote. Ikaamuliwa wafanye majaribio Jumamosi nne mfululizo. Jumamosi ya kwanza, kwaya ya Mbinga ikiimba mbele ya kipaza sauti, saa nane mchana Maguu palinyamaza. Mapera napo palinyamaza. Vile vya njiani vilinyamaza. Baada ya dakika tatu na kitu sauti ilirudi. Ikakaa kidogo, ikakatika tena. Jumamosi ya pili ikawa hivyo, na ya tatu vilevile. Notburga alikagua antena ya Maguu, akabadili waya, akasafisha kutu. Njia ya Mbinga hadi Maguu haikuwa na kasoro: simu ya redio ilipita bila mkwaruzo wakati ule ule sauti ya ibada ilipokufa. Ilibaki Jumamosi moja ya majaribio, na nyuma yake siku yenyewe. Dakika tatu za ukimya zilitosha kuimeza baraka yote.

Jioni ya Jumamosi ile ya tatu alipigiwa redio kutoka Kihagara. Alikuwa Edina, muuguzi wa zamu wa zahanati.

"Mama, shikamoo. Naomba radhi. Betri yetu imelala tena. Mawingu yamefunika ziwa tangu saa saba, sola haipati kitu. Mashine inazimika, inawaka, inazimika."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Na Jumamosi iliyopita?"

"Vilevile. Saa nane kama leo. Nilidhani tunajiharibia wenyewe tu."

Notburga aliuweka mkono juu ya redio. Mbinga iko juu, Maguu iko juu; kati ya hizo mbili hakuna hata tone la maji ya ziwa. Mawingu ya Kihagara yangewezaje kuzima sauti ya Maguu? Watu wa kale waliosomea mambo ya sababu walifundisha kwamba matukio mawili yakienda pamoja mara tatu, mwenye hekima huacha kuyaita bahati. Yeye hakuwa amewasoma, lakini alifika hapo hapo kwa miguu yake mwenyewe.

Jumanne alipanda gari la dawa hadi Maguu. Zahanati iko hatua chache kutoka nyumbani kwa baba yake, na mzee, aliposikia amekuja kuichunguza mashine, aliomba abebwe akae karibu. Wakamlaza kwenye benchi la wagonjwa, Ephrasia akimshika kichwa. Notburga aliandika, herufi moja baada ya nyingine, ile amri ya kuiuliza ruta: pa kukutania ni wapi? Hakuwahi kuiuliza kabla, kwa kuwa hakuna anayeuliza kwa babu ni wapi.

Jibu lilikuja mara moja. Namba ya mwisho katika jibu ilikuwa sita.

Aliiuliza tena. Sita.

"Inasema nini?" mzee aliuliza.

"Baba, inasema sengu iko Kihagara."

"Kwa mdogo?"

"Kwa mdogo kabisa."

Mzee alianza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, Ephrasia akamwinua. "Nani aliihamishia huko?"

"Mimi." Sasa aliliona lote, kama mtu aonavyo njia yote akifika kilele. Mchaguzi alifuata namba kweli, lakini alichukua kubwa, si ya kwanza. Tangu mwaka ule sauti ya Mbinga ilikuwa ikishuka kwanza hadi ziwani kwa njia nyembamba kuliko zote, ndipo ipande kurudi Maguu na Mapera. Jua la ziwa likifichika, mashine ya Kihagara ikizima, mahali pa kukutania panakufa. Matangazo yake yanangojwa dakika tatu, ndipo Mbinga inachaguliwa. Kihagara ikiwaka tena, inanyang'anya tena kiti. "Nilizipanga kwa heshima, baba. Mkubwa moja, mdogo sita."

"Umefanya kama ulivyolelewa," mzee alisema. "Lakini hiyo mashine heshima imefundishwa na nani?"

Dawa ilikuwa rahisi kwa kidole na ngumu kwa watu: Mbinga ipewe namba kubwa kuliko zote, saba. Notburga alirudi mjini Jumatano akamwendea Mzee Wendelin, akamweleza kwa adabu. Wendelin alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyanyuka na kwenda kusimama chini ya kibao chake.

"Mbinga haiwezi kuwa ya saba."

"Ni kwa mashine tu, mzee wangu."

"Leo kwa mashine, kesho Mapera watasema kwenye mkutano. Unawajua Mapera. Kibao hiki nimekichonga kwa mkono wangu, mgeni akiingia anajua amefika kwa wakubwa. Unataka nichonge saba?"

Notburga angeweza kubadili namba usiku bila kumwambia. Chumba cha mashine kilikuwa na funguo mbili na mmoja alikuwa nao. Hakutaka. Alikwenda akakaa na daftari alilokuwa akiandika mafunzo ya Ambokile, akalisoma lote, na katika ukurasa alioupita mara nyingi akakuta kwamba ruta inaweza kupewa namba ya pili, ya ndani, isiyofungwa kwenye waya wowote, na kwamba inaweza kujitangaza kwa namba hiyo. Siku ya pili asubuhi alirudi.

"Mzee Wendelin, kibao kibaki. Namba moja ibaki mlangoni na kwenye waya. Ndani ya mashine nitaipa nyingine, ya kujitangazia tu. Mia moja."

Wendelin alikunja uso. "Kwa hiyo mbele ya watu mimi ni wa kwanza, na mbele ya mashine ni wa mia?"

"Ndivyo, mzee."

"Na mia ndiyo inayoshinda?"

"Ndiyo inayoshinda."

Alikitazama kibao chake juu ya mlango. "Andika. Lakini usiwaambie Mapera."

Jumamosi ya nne kulikuwa na jua kali, na jua kwa siku hiyo halikumfaa Notburga, aliyetaka kuona Kihagara ikizimika. Alimwomba Edina aizime mashine ya Kihagara kwa makusudi, kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Kihagara ikazimwa. Maguu, Ephrasia aliripoti kwa redio, waliendelea kusikia hadi ubeti wa mwisho, na mzee alikuwa akisahihisha besi.

"Kumbe sisi ndio tulikuwa makao makuu," Edina alisema alipowasha tena, "na hakuna aliyetuletea hata kiti."

Siku yenyewe ilipambazuka na mvua. Notburga, akiwa mama wa anayewekwa wakfu, hakuweza kukaa chumba cha mashine. Alivaa kitenge kipya akaketi benchi la mbele, na Wendelin akakubali kulinda vyombo, ambavyo aliahidi kutovigusa. Ibada ilikwenda kwa utaratibu wake mrefu. Mashemasi walilala kifudifudi juu ya sakafu, kanisa zima likaimba majina ya watakatifu, na Notburga alimtazama mwanawe aliyelala pale, nyayo za viatu vyake zikionekana, akaona kwamba kiatu cha kulia kimeisha upande. Alijaribu kusali, lakini masikio yake yalikuwa Maguu.

Katikati ya litania Mzee Wendelin alitokea mlango wa pembeni, koti limelowa. Akaja akiinama kando ya ukuta hadi kwenye benchi lake.

"Kihagara imezimika," alimnong'oneza.

Notburga alifumba macho. "Na Maguu?"

"Maguu wanaimba. Nimewasikia kwenye redio. Wanaimba vibaya, lakini wanaimba."

Wendelin akarudi kwenye mvua yake. Notburga aliinamisha kichwa, na waliokuwa karibu walidhani analia kwa ajili ya mwanawe tu.

Yaliyotokea Maguu tunayajua kwa Ephrasia, ambaye safari hii, kwa ushahidi wa wote waliokuwepo, hakuongeza chumvi. Mzee Dunstan alilazwa kwenye godoro ndani ya zahanati, spika ikiwa juu ya kabati la dawa. Majirani walijaa hadi barazani. Alifuata kila sehemu ya ibada kwa midomo. Baada ya yote, Padre Florian, akiwa madhabahuni, aliombwa atoe baraka yake ya kwanza. Alisema kwanza maneno machache kwa Kimatengo, akimwita babu yake kwa jina ambalo wajukuu tu hulitumia, akamwambia kwamba anamwekea mikono kichwani kutoka alipo. Mzee alivua kofia yake ya sufu, akainua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia kana kwamba kuna mikono inayokingojea juu, na baraka ilipoisha alijibu Amina kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kufundishia, ya kusikika hadi mwisho wa darasa.

"Anayelia ni nani?" aliuliza baadaye.

"Ni sisi wote, baba," Ephrasia alimjibu.

"Mwambieni Notburga nimesikia lote. Hata pumzi yake kabla ya kuanza, nimeisikia."

Aliishi hadi kahawa ilipoanza kuiva. Alifariki mwezi Agosti, mchana, akiwa amemaliza uji wake, na aliyemzika alikuwa mjukuu wake.

Notburga hakusahau kwamba kituo kimoja kiliikosa ibada ile. Mwezi wa Juni, njia zilipokauka, alimwambia mwanawe asianze mizunguko yake popote kabla ya kufika pwani. Padre Florian aliteremka Kihagara akiwa na betri mpya ya mradi magotini, akasali na wagonjwa wa Edina, akawabariki mmoja mmoja kwa mkono. Edina alimwambia kwamba kwa jinsi hiyo ilikuwa heri walivyokatika siku ya ibada.

Mama huyu alivitunza vituo sita kwa miaka mingine minane. Wasichana wawili aliowafundisha walijifunza kwake kuiuliza mashine kila asubuhi jambo ambalo wanadhani wanalijua. Kisha alirudi Maguu, kwa Ephrasia, mwaka ambao mikahawa ilikuwa imekatwa tena, na wawili hao wanaishi huko hadi leo, wakibishana juu ya chumvi.

Mwenyezi Mungu, ambaye sauti ya mnyonge humfikia bila kupitia kwa mwingine, amjalie Notburga Kapinga uzee wenye utulivu na usingizi usiokatika. Amshike Ephrasia katika ukarimu wake. Amlinde Padre Florian katika njia zote za milima na ziwa. Awapokee Dunstan na Ildefonce katika nuru isiyo na mawingu. Na wote waliotoka katika nyumba ile, waliozaliwa na watakaozaliwa, wasikose kamwe mahali pa kukutania.